Semafori Zenye Majina na Uratibu wa Michakato katika Lugha ya C

Katika mfumo endeshi kama Linux, kila programu inapoanza kazi hupewa eneo lake la kumbukumbu ambalo programu nyingine haiwezi kulisoma wala kuliandika, pamoja na orodha yake ya faili zilizofunguliwa na zamu yake ya kutumia prosesa. Programu iliyo katika hali hiyo ya kutenda ndiyo huitwa mchakato. Utengano huu huzuia kosa la mchakato mmoja lisiangushe mashine nzima, lakini ndio pia unaoleta ugumu pale michakato miwili inapotakiwa kushirikiana, kwa mfano mmoja unapopokea vipimo kutoka kwenye vihisi vya hali ya hewa na mwingine unapovihifadhi katika hifadhidata. Ili ishirikiane, lazima sehemu ya ukuta huo ifunguliwe kwa makusudi, na katika lugha ya C njia ya kasi zaidi ya kufanya hivyo ni kumbukumbu ya pamoja, yaani kipande cha kumbukumbu kinachoundwa kwa kitendakazi cha shm_open na kisha kuingizwa, kwa mmap, katika eneo la kila mchakato unaohusika. Tangu hapo data huonekana na wote, ila hakuna chochote kinachoamua nani aiguse na lini.

Madhara ya kukosa mwamuzi huonekana hata katika tamko dogo kabisa. Tamko la idadi = idadi + 1 husomeka kama kitendo kimoja, ilhali prosesa kwa kawaida hulitekeleza kwa hatua tatu, ambazo ni kusoma thamani, kuiongeza moja, na kuiandika upya. Ikiwa thamani ni 40 na michakato miwili ikaisoma kabla ya wowote kuiandika, yote miwili itaandika 41, na ongezeko moja litapotea bila ujumbe wowote wa kosa. Hitilafu ya namna hii huweza kulala muda mrefu ndani ya programu iliyopita majaribio yote, kwa kuwa hujitokeza tu pale zamu za prosesa zinapogongana kwa namna fulani, na mara nyingi hutoweka mtafiti anapoongeza mistari ya kuchapisha taarifa ili aione, maana mistari hiyo hubadilisha kasi ya programu. Sehemu ya programu inayogusa data ya pamoja, ambayo haifai kuingiliwa na zaidi ya mchakato mmoja kwa wakati mmoja, huitwa sehemu nyeti.

Edsger Dijkstra, mwanasayansi wa kompyuta wa Uholanzi, ndiye aliyelipatia tatizo hili chombo kilichodumu. Kabla yake ilikwisha kuthibitishwa, kwa mbinu ya Mholanzi mwenzake Dekker, kwamba michakato miwili inaweza kupeana nafasi kwa kusoma na kuandika kumbukumbu tu, lakini katika mbinu hiyo mchakato unaosubiri hulazimika kuuliza tena na tena kama zamu yake imefika, na kwa kuuliza huko huteketeza muda wa prosesa bila faida. Semafori, ambayo Dijkstra aliibuni mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuifafanua katika andiko lake la mwaka 1965 kuhusu michakato inayoshirikiana, ni namba nzima isiyoshuka chini ya sifuri, yenye vitendo viwili visivyogawanyika: kimoja huipunguza moja, na ikiwa imeshafika sifuri humlaza mwombaji hadi ipande, kingine huiongeza moja, na kama kuna aliyelala humwamsha. Katika viwango vya POSIX vya mifumo endeshi, ambavyo viliingiza semafori za namna hii kupitia nyongeza ya mwaka 1993 ya mifumo ya wakati halisi, vitendo hivyo huitwa sem_wait na sem_post.

Namba hiyo yafaa ieleweke kuwa ni idadi ya ruhusa zilizobaki. Semafori inayoanza na 1 huruhusu mmoja tu na hivyo hulinda sehemu nyeti. Inayoanza na 4 huruhusu wanne kwa pamoja. Na inayoanza na 0 hailindi kitu bali hupeleka habari, kwa kuwa anayesubiri hataendelea mpaka mwingine atangaze kwamba jambo limetukia. Sifa moja ya namba hii haithaminiwi ipasavyo: semafori hukumbuka. Tangazo likitolewa kabla mwenzake hajafika kusubiri, halipotei, kwa sababu limebaki ndani ya namba, tofauti na vigeuza-hali (condition variables) vya maktaba ya nyuzi (threads), ambavyo hutangaza kwa waliopo tu na kumwacha anayechelewa alale.

Swali linalobaki ni jinsi michakato miwili inavyoipata semafori moja. Semafori isiyo na jina, inayoandaliwa kwa sem_init, hukaa ndani ya kumbukumbu ya pamoja yenyewe, kwa hiyo ni lazima kumbukumbu hiyo iwe tayari kabla ya semafori kuwapo. Semafori za zamani za System V hutambuliwa kwa funguo za namba, huja kwa makundi, na zina dosari ya kimaumbile ambayo kila aliyezitumia kwa dhati ameigusa: kuunda kwa semget na kuweka thamani ya kwanza kwa semctl ni hatua mbili tofauti, na kati yake mchakato mwingine unaweza kuidaka semafori ambayo bado haijapewa thamani. Semafori yenye jina huondoa vikwazo vyote viwili. Michakato isiyo na mzazi mmoja, iliyoandikwa na watu tofauti na kuanzishwa kwa nyakati tofauti, huhitaji kukubaliana juu ya jina tu:

sem_t *mlango = sem_open("/vipimo_mlango", O_CREAT, 0660, 1);
if (mlango == SEM_FAILED) {
    perror("sem_open");
    exit(EXIT_FAILURE);
}

Jina huanza na mkwaju mmoja na halipaswi kuwa na mwingine. Katika Linux jina hilo huwa faili halisi, /dev/shm/sem.vipimo_mlango, inayokaa katika mfumo wa faili ulio ndani ya kumbukumbu na siyo kwenye diski, na msimamizi wa mashine anaweza kuiona kwa amri ya kawaida ya kuorodhesha saraka. Ndani yake mna muundo mdogo wa sem_t, wenye baiti 32 katika mashine za kawaida za biti 64, ambao sem_open huuingiza katika kumbukumbu ya kila mchakato unaoifungua. Maktaba ya glibc huunda kwanza faili ya muda, huijaza thamani kamili, na baadaye ndipo huiunganisha na jina lenyewe, ili asitokee mchakato unaoiona semafori iliyo nusu. Kwa njia hiyo dosari ya System V imezibwa. Tena, kwa kuwa semafori ni kumbukumbu iliyo mkononi mwa mchakato, sem_wait inayokuta ruhusa ipo humalizika kwa amri moja au chache za prosesa bila kuingia katika kiini cha mfumo. Kiini huitwa, kupitia huduma ya futex, pale tu inapobidi mtu alale au aamshwe. Dhana iliyoenea kwamba semafori yenye jina ni nzito kwa sababu ina jina haina msingi katika Linux.

Uzito wake uko mahali pengine, nako ndiko mafunzo mengi ya lugha ya C yanakopita haraka. Jina huishi kuliko walioliweka. Kitendakazi cha sem_close, ambacho hutekelezwa pia chenyewe mchakato unapokufa, huachia tu uhusiano wa mchakato mmoja na semafori. Hakirudishi ruhusa iliyochukuliwa wala hakigusi thamani. Jina na thamani hubaki hadi mtu aite sem_unlink au mashine izimwe. Na sem_open yenye O_CREAT, bendera inayoagiza semafori iundwe ikiwa haipo, ikikuta jina lipo, huifungua semafori iliyopo na kupuuza kimya kimya ruhusa za faili na thamani ya kwanza zilizotolewa. Kutokana na kanuni hizi mbili, ambazo kila moja peke yake inaonekana ya busara, huzaliwa tatizo lililo maarufu kuliko yote: programu inauawa ikiwa ndani ya sehemu nyeti, thamani inabaki 0, programu inaanzishwa upya ikiwa na mstari uleule unaosema thamani ya kwanza ni 1, na inalala milele katika sem_wait yake ya kwanza. Mwandishi wa programu husoma mstari wake, huona 1, wala hana sababu ya kushuku kwamba mfumo haukuisoma kabisa.

Tiba inayopendekezwa mara kwa mara, yaani kuita sem_unlink mwanzoni mwa kila programu, hubadilisha ugonjwa tu. Kufuta jina hakufuti semafori iliyo wazi. Walio nayo huendelea kuitumia, na anayefuata huunda semafori mpya kwa jina lilelile. Matokeo yake ni kwamba michakato miwili, kila mmoja ukiamini umeshika mlango, huingia pamoja kwa sababu imeshika milango miwili inayofanana kwa jina. Kati ya mkwamo na uharibifu wa data, mkwamo ndio wenye heri, kwa kuwa angalau huonekana. Tiba hii hubadilisha kosa linaloonekana kwa kosa lisiloonekana, na haistahili nafasi iliyopewa katika vitabu vya mazoezi.

Njia iliyo salama huanza kwa kuamua ni mchakato upi ulio msimamizi wa jina. Msimamizi huyo huunda kwa O_CREAT | O_EXCL, bendera mbili ambazo kwa pamoja hukataa kufungua kilichopo na kurudisha kosa la EEXIST, huku michakato mingine yote ikifungua bila O_CREAT na kukubali kushindwa kwa ENOENT ikiwa msimamizi bado hajafika. Ili ajue kama jina alilolikuta ni masalia ya aliyekufa au ni mali ya msimamizi mwenzake aliye hai, msimamizi huchukua kwanza kufuli ya faili kwa fcntl au flock, ambayo kiini huiachia chenyewe mwenye kufuli anapokufa. Akiipata, ana hakika kwamba hakuna msimamizi mwingine, na hapo ndipo ana haki ya kufuta jina la zamani, kuunda jipya, na kuwaanzisha upya wafanyakazi ambao huenda bado wanashikilia semafori ya awali. Pale ambapo michakato yote inatokana na mzazi mmoja kwa fork, kuna njia fupi zaidi: mzazi hufungua semafori, huita sem_unlink papo hapo, na kisha ndipo huzaa watoto. Watoto hurithi semafori iliyo wazi, jina halipo tena kwa mtu yeyote kuligonga, na kumbukumbu huachiwa wa mwisho anapomaliza, hata kama wote wameuawa.

Umbo ambamo semafori huonyesha uwezo wake wote ni lile la mzalishaji na mlaji. Katika mfano wa vipimo vya hali ya hewa, kumbukumbu ya pamoja ina mzunguko wa nafasi, tuseme 16, na semafori tatu: /vipimo_wazi inayoanza na 16 na kuhesabu nafasi tupu, /vipimo_tayari inayoanza na 0 na kuhesabu vipimo vilivyojaa, na /vipimo_mlango inayoanza na 1 na kulinda mzunguko wenyewe. Mpokeaji husubiri nafasi tupu, huingia mlangoni, huandika, hutoka, na kuongeza hesabu ya vilivyo tayari. Mhifadhi hufanya kinyume chake. Mpangilio wa hatua mbili za kwanza hauwezi kubadilishwa. Mpokeaji akichukua mlango kwanza na ndipo asubiri nafasi, siku mzunguko utakapojaa atalala akiwa na mlango mkononi, mhifadhi atashindwa kuingia ili atoe kipimo, na hakuna atakayeweza kumwamsha mwenzake. Huo ndio mkwamo kamili, uliotokana na kubadilishana kwa mistari miwili. Upande wa kutoka, mpangilio wa sem_post mbili hauleti mkwamo, ingawa kuachia mlango kwanza humpunguzia anayeamshwa usumbufu wa kuamka na kukuta mlango umefungwa. Viwango vya POSIX huviorodhesha sem_wait na sem_post miongoni mwa vitendakazi vinavyosawazisha kumbukumbu, kwa hiyo yaliyoandikwa kabla ya sem_post huonekana kwa yule anayepita sem_wait inayolingana nayo, bila hatua za ziada dhidi ya kompaila au prosesa inayobadili mpangilio wa kuandika.

Thamani inayorudishwa na sem_wait huchukuliwa na wengi kuwa ya mapambo. Ishara, yaani taarifa ambayo mfumo au mchakato mwingine huutumia mchakato ili kuukatiza, ikifika wakati mchakato umelala, sem_wait inaweza kurudisha -1 na kosa la EINTR bila kuchukua ruhusa. Programu isiyoangalia huendelea hadi ndani ya sehemu nyeti bila haki, na mbaya zaidi, inapotoka huita sem_post na kuipandisha semafori hadi 2, hivi kwamba tangu hapo mlango wa mtu mmoja huwapitisha wawili daima. Kurudia wito mpaka ufanikiwe, kwa kitanzi cha mistari miwili, ni wajibu. Kwa wasiotaka kusubiri bila ukomo ipo sem_timedwait, ambayo ukomo wake si muda wa kuhesabu bali ni saa kamili ya ukutani, CLOCK_REALTIME. Saa hiyo ikirekebishwa na msimamizi, subira hurefuka au hufupika. Maktaba ya glibc tangu toleo la 2.30 inayo sem_clockwait, inayokubali saa isiyorudi nyuma. Kwa upande wa sem_getvalue, namba inayoitoa huenda imeshabadilika kabla haijasomwa, kwa hiyo inafaa kwa uchunguzi na haifai kwa uamuzi.

Kifo cha mchakato ndani ya sehemu nyeti kinahitaji kutazamwa peke yake, kwa sababu ndipo mpaka wa chombo hiki ulipo. Semafori haina mwenyewe. Mchakato wowote unaweza kuongeza namba hata kama haukuipunguza, na uhuru huo ndio unaoiwezesha kupeleka habari kati ya mzalishaji na mlaji. Lakini kwa sababu hiyohiyo kiini hakina namna ya kujua kwamba aliyeshika ruhusa amekufa, kama vile mgeni aliyejifungia chumbani kwa komeo la ndani na kufia humo. System V ilijaribu kulijibu jambo hili kwa bendera ya SEM_UNDO, ambayo humrudishia marehemu hesabu yake, ila kurudisha hesabu hakutengenezi data aliyoiacha nusu: anayefuata huingia kwa ujasiri katika mzunguko ambao huenda kiashiria chake kimesogezwa na kipimo chake hakijaandikwa. Jibu lililo bora zaidi lilikuja na kufuli imara za maktaba ya nyuzi, zilizoingizwa katika POSIX ya mwaka 2008, ambazo zikiwekwa katika kumbukumbu ya pamoja humpa anayefuata kufuli pamoja na onyo la EOWNERDEAD, ili akague na kukarabati data kabla ya kutangaza kwamba ni nzima. Kwa hiyo, pale ambapo michakato inaweza kuuawa wakati wowote, na katika seva halisi inaweza, ulinzi wa sehemu nyeti uachiwe kufuli imara, na semafori zenye majina zipewe kazi za kuhesabu na kupeleka habari ambazo kufuli haziziwezi.

Kukosa mwenyewe huleta pia udhaifu katika mifumo ya wakati halisi. Chombo cha anga cha Mars Pathfinder, kilichotua katika sayari ya Mirihi mwezi Julai 1997, kilijiwasha upya mara kwa mara kwa sababu kazi ya daraja la chini iliyoshughulikia data za hali ya hewa ilishika kufuli iliyosubiriwa na kazi ya daraja la juu, huku kazi za daraja la kati zikimnyima mshikaji zamu ya prosesa. Wahandisi waliweza kulirekebisha wakiwa duniani kwa sababu kufuli hiyo ilikuwa na mwenyewe, na mfumo wa VxWorks ulikuwa na uwezo, uliokuwa umezimwa, wa kumkopesha mwenyewe huyo daraja la anayemsubiri. Kwa semafori ya POSIX msaada huo hauwezekani, kwa kuwa hakuna anayejulikana wa kukopeshwa.

Yapo pia mambo ya mazingira yanayowakwamisha watu walioandika programu sahihi. Kuifungua semafori huhitaji ruhusa ya kusoma na ya kuandika kwa pamoja, ilhali umask, yaani kichujio cha ruhusa za faili mpya, ya kawaida ya 022 huifanya 0666 iliyoombwa kuwa 0644, hivyo mtumiaji mwingine wa mashine hupata EACCES; anayekusudia kushirikisha watumiaji tofauti hana budi kurekebisha umask kabla ya kuunda. Katika macOS, semafori zisizo na jina hazitekelezwi na sem_init hurudisha kosa, hivyo yenye jina ndiyo pekee iliyopo katika familia ya POSIX, lakini huko jina halipaswi kuzidi herufi 31 na sem_timedwait haipo. Katika kontena za Docker, ambazo kwa kawaida kila moja hupewa /dev/shm yake ya megabaiti 64, jina lilelile katika kontena mbili huashiria semafori mbili tofauti, na programu zilizoshirikiana vizuri kwenye mashine moja huacha kuonana mara zinapohamishiwa humo, bila kosa lolote kuripotiwa ikiwa kila upande ulitumia O_CREAT. Kontena hizo zinaweza kuanzishwa kwa chaguo la kushirikisha eneo la mawasiliano ya michakato, na michakato isiyo na kazi ya kuunda ikifungua bila O_CREAT, ENOENT itaonekana katika sekunde ya kwanza ya jaribio.